Nusu Lita ya Maziwa

Mpendwa mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Sisi hapa Kariakoo ni wazima. Mguu wa bibi yako umepona, na jana alikwenda sokoni mwenyewe.

Umeniuliza ni ushindi gani ulionipa sifa nilipokuwa katibu wa chama cha wafanyakazi. Ni maziwa.

Kiwanda chetu kilishona magodoro ya sufi. Vumbi lake lilijaa hewani, na watu walikohoa kutwa. Sote tuliamini kwamba maziwa huosha kifua, kwa hiyo nilidai kila mfanyakazi apewe nusu lita kila siku. Mwenye kiwanda alikubali papo hapo. Wepesi ule ulipaswa kunishtua.

Wenzangu walinibeba mabegani hadi Mnazi Mmoja. Rafiki yangu Salumu, aliyekuwa akichambua sufi, hakushangilia.

“Katibu, maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi liko kifuani. Tudai feni za kulitoa nje.”

“Wewe Salumu, hata peponi utadai feni,” nilimjibu, na watu wakacheka.

Sikuzidai. Feni zingemgharimu mwenye kiwanda, naye angebisha. Mimi nilikwisha kuzoea kubebwa.

Siku hizi Salumu hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika njiani. Mimi humtembelea kila Ijumaa. Nikiketi tu, humwambia mkewe, “Mletee Katibu maziwa,” kisha hucheka mpaka kikohozi kimkatishe.

Nami huyanywa yote.

Babu yako