Vikombe Vilivyokaa Dirishani

KIKAO CHA SABA CHA WANACHAMA WA DUKA LA KAZI ZA MIKONO
Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa kumi jioni, chumba cha nyuma cha duka

WALIOHUDHURIA
Fundi Viti – Mwenyekiti
Mama Vikapu – Mhazini
Mama Mikoba – Mjumbe
Mfinyanzi – Mjumbe (amemuoa dada wa Mwenyekiti)
Mtunga Shanga – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Fundi Viatu, kwa taarifa. Anauguza mgonjwa.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Kikao kilichelewa kwa sababu Mama Mikoba alikataa kukaa chumba kimoja na watu wasiomsalimia. Alisalimiwa. Akaketi.

KUMB. NA. 2/7: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Ilikumbushwa kwamba katika kikao cha sita dirisha la mbele liliondolewa kwenye mikoba likapewa vikombe vya Mfinyanzi, kwa kufuata kanuni: anayeuza zaidi ndiye anayekaa dirishani, na rafu isiyouza kitu kwa miezi mitatu hupewa fundi mwingine.

Mama Mikoba aliomba iandikwe kwamba mikoba yake sasa iko nyuma ya mlango, jirani na fagio, na kwamba mteja akifungua mlango ndio anaifunika. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/7: TAARIFA YA MFINYANZI
Mfinyanzi alisimama, ingawa hapa kwetu watu huongea wakiwa wameketi. Alieleza kwamba kwa jinsi vikombe vinavyokwenda, Jumatatu ataaga kazi yake ya udobi hotelini. Mkewe amekubali kuuza cherehani yake ili wanunue matofali ya tanuri kubwa, na mnunuzi anakuja kuichukua jioni hii hii.

Wajumbe walipiga makofi. Katibu alibaini kwamba makofi yalikuwa machache na yaliisha haraka.

Mwenyekiti alitaka kuendelea na ajenda inayofuata. Mama Mikoba alisema, "Hatuendi popote. Mwenyekiti, mwambie shemeji yako." Mwenyekiti alijibu kwamba hajui amwambie nini. Mama Mikoba akasema, "Haya, nitasema mimi, mnichukie."

Alieleza kwamba chini ya kitanda chake kuna vikombe tele vya Mfinyanzi. Mwaka jana aliona rafu ile inakaribia kunyang'anywa, roho ikamuuma, akawa anawatuma wapwa zake waje kununua. "Nimejiondoa dirishani kwa hela yangu mwenyewe," alisema. "Mjinga kama mimi hajazaliwa."

Mhazini alikiri kwamba naye hununua. Vyake anavitumia kunyweshea kuku. Mwenyekiti naye alikiri, tena yeye huwapa wateja wake wa viti kama zawadi. Mhazini aliongeza kwamba mke wa Fundi Viatu amewahi kukutwa kaunta akiwa amejifunika mtandio hadi puani. Ilionekana kwamba kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Katibu aliulizwa. Katibu alijibu kwamba anavyo vinne. Suala hilo halikujadiliwa zaidi.

Mfinyanzi aliuliza kama kuna kikombe hata kimoja kilichonunuliwa na mtu wa nje. Mhazini alisema kipo kimoja. Kilirudishwa.

KUMB. NA. 4/7: MAJIBIZANO
Mfinyanzi alisema, "Kumbe mwaka mzima mnanila kisogo." Mhazini alimjibu kwamba haikuwa hivyo, baba, ilikuwa huruma. Mfinyanzi aliuliza ni huruma gani hiyo inayomtazama mtu akiuza cherehani ya mkewe.

Alimgeukia Mwenyekiti: "Shemeji, Jumapili ulikuwa kwangu. Umenywea kikombe changu, ukasema kizuri." Mwenyekiti alieleza kwamba alikuwa anaisifu chai. Wajumbe walimwomba Mwenyekiti anyamaze.

Mfinyanzi alidai aambiwe kasoro moja moja. Mama Mikoba alisema mdomo wa kikombe ni mnene, mtu anakunywa kama anabusu ukuta. Mpini ni mdogo, kidole hakipiti, kwa hiyo unakishika chenyewe na unaungua. Na chini kinavuja. Mhazini aliongeza kwamba rangi inapendeza. Mfinyanzi alimwomba Mhazini asiongeze kitu.

Aliuliza kwa nini hawakusema tangu mwanzo. Mama Mikoba alisema ndiyo hayo, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mfinyanzi alijibu kwa sauti ya juu, "Mimi si mwana! Nina mvi!" Katibu alifunga mlango wa dukani ili wateja wasisikie.

KUMB. NA. 5/7: RAFU YA MFINYANZI
Mfinyanzi alitoa hoja kwamba kanuni ifuatwe na rafu yake ichukuliwe. Mwenyekiti alipendekeza asubiriwe hadi mwisho wa mwaka. Mfinyanzi alisema hiyo ni huruma ileile, imebadilisha shati tu.

Kura zilipigwa. Uliinuka mkono mmoja, wa Mfinyanzi. Wengine walitazama meza. Katibu alieleza kwamba mkono mmoja hautoshi. Mfinyanzi hakuushusha. Alisema, "Mara moja tu, jamani, nichukulieni kama fundi mwenzenu."

Mama Mikoba aliinua mkono huku analia. Mhazini akafuata. Katibu aliweka kalamu chini akainua wake. Mwenyekiti, ambaye kwa kanuni hapigi kura, aliinua wa mwisho. Hoja ilipita bila kupingwa.

Mfinyanzi aliwashukuru wajumbe na kuomba ruhusa ya kutoka uani kupiga simu. Dirisha la uani lilikuwa wazi. Alisikika akisema, "Mke wangu, huyo mtu amefika? Usimpe. Mwambie nimeghairi."

KUMB. NA. 6/7: KUFUNGA
Mengineyo hayakuwepo. Watu waliondoka saa kumi na mbili kasorobo bila Mwenyekiti kutoa neno la kufunga.

Tunathibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa:

................................
Fundi Viti, Mwenyekiti

................................
Mtunga Shanga, Katibu