Tisa Iliyopita Mbele

Mujukuu wangu Neema,

Hapa Rwambuzi siye wote tuko wazima. Mama yako alirudi jana kutoka Mahagi na maharagi mengi. Unauliza namna gani tisa inaweza kuwa kubwa hapa na kidogo pale. Mimi nilijifunza hiyo kwa miguu.

Wakati wa Zaire, mwalimu alitutundikia namba shingoni, wasichana watatu, wavulana watatu. Wenye kusimama mustari na kutengeneza namba ndogo ndio wangelima shamba ya masomo siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya bure. Wavulana wakasimama: 853. Siye tukajipanga vile tulilelewa, mukubwa mbele: dada yangu na 1, rafiki yetu na 4, mimi mudogo nyuma na 9.

“Mia moja arobaini na tisa,” wavulana wakacheka.

Nikatoka nyuma, nikamupita dada yangu. Akaniangalia, halafu mwenyewe akaenda nyuma kabisa. 941. Wavulana wakaenda kutafuta majembe.

Tisa ilikuwa ileile, Neema. Nyuma ilikuwa tisa tu. Mbele, mia tisa.

Njiani kurudi nyumbani nilimufuata dada kwa nyuma, kama kawaida. Lakini nilitembea kama mia tisa.

Koko yako