Birika la Karakana na Nadharia Tatu

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba birika la chai la karakana yetu ya kushona sare limehama. Limetoka dirishani, ambako lilikaa miaka kumi na mmoja, na sasa linaishi ofisini kwa meneja. Anayetaka kikombe hubisha hodi kwanza.

Hujambo lakini? Mimi mzima, ukiondoa goti na kitambi. Shangazi yako naye mzima, ila amesimamishwa kazi. Meneja anadai kwamba saa ya chai aliwaambia wenzake wavunje mashine. Kikao ni tarehe kumi na tatu, na mimi msimamizi wa zamu nimeitwa niseme nilichosikia. Wewe unayesomea mambo ya jamii, hebu nieleze: birika lina kosa gani?

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, na kitambi nakisalimu.

Umeuliza, najibu kama kwenye mtihani. Wapo wanaoiona jamii kama mwili: kila kiungo kina kazi yake, na kazi ya birika ilikuwa kuwaunganisha. Liking'olewa, mwili unaugua. Wengine wanasema jamii ni mvutano kati ya walionacho na wasionacho, kwa hiyo tuulize nani ananufaika nyinyi msipokaa pamoja. Wa tatu hutazama maana ambazo watu hupeana: kikombe kile kile, dirishani kilikuwa udugu, ofisini kimekuwa kibali.

Mwalimu wetu anasema hakuna nadharia inayotosha peke yake. Lakini Baba, Shangazi alisema nini hasa? Ulikuwepo.

Binti yako

11 Machi

Marahaba, mama,

Barua yako nimemsomea fundi wa vifungo. Akasema, "Huyo angesomea udaktari, viungo ameshavijua." Nikamuuliza katika huo mwili mimi ni kiungo gani. "Wewe? Kisigino. Unabeba uzito wa watu na hujui wanakokupeleka." Karakana nzima ikanicheka, nami nikacheka ili nisibaki peke yangu.

Shangazi yako alisema tumwombe meneja afungue madirisha, maana vumbi la pamba linatukaba. Basi. Kuvunja mashine hakukutaja. Nikilisema hilo kikaoni, anarudi kazini. Usiwe na wasiwasi, keshokutwa naenda na shati langu lenye kola.

Baba yako

25 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini hamjambo nyote. Kikao kimepita siku kumi na mbili na sijapata neno lolote. Nimemwandikia Shangazi, amenijibu mstari mmoja: "Muulize kaka yangu."

Nakuuliza.

Binti yako

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Afya tunazo.

Siku moja kabla ya kikao meneja aliniita, akanimiminia chai kwa mkono wake, akaniuliza kama bado naupenda usimamizi. Nikanywa, nikashukuru.

Kikaoni tulikuwa watu wanne: meneja, karani, dada yangu na mimi. Nikaulizwa kama alisema mashine zivunjwe. Nikajibu, "Sikusikia vizuri, mashine zilikuwa zinanguruma."

Saa ya chai mashine zote huzimwa. Meneja anajua, karani anajua, dada anajua. Karani akaandika hivyo hivyo, na bila shahidi wa kumtetea, dada akaachishwa kazi. Aliniambia tu, "Haya, kaka," akaenda kuchukua mkasi wake. Nimepita kwake mara mbili. Anafungua mlango, anauliza kama natafuta mtu.

Nimezijaribu nadharia zako. Ya kwanza inasema niliuzuia mwili usiyumbe. Ya pili inasema mwenye nguvu alinibana, na mimi mnyonge ningefanya nini. Ya tatu inasema wote tuliokuwa mle ndani tulikubaliana kuuita uongo ule ushahidi. Zote zimenikaa kama suti ya kupimiwa, na katika kila moja natoka mtu wa kuhurumiwa. Huenda ni za kweli. Ziandike kwenye insha yako ukitaka, hata birika liandike.

Ila wewe uliniuliza jambo moja. Siku ile nilikaa hatua moja kutoka kwa dada yangu. Alisema madirisha. Nilisikia kila neno.

Baba yako