Ukitoka mu Kundi, Washa Yako

Ilunga, bwana yangu mudogo,

Ni mi, kambo yako ya Musonoi, mwenye alizaa muzazi yako. Dada yako njo anaandika, mi nasema, na nimemukataza kulainisha maneno yangu. Telefone yako imefungwa tangu mvua ya kwanza, kwa hiyo barua hii hatuifiche. Ataituma mu telefone za bantu, ipite mukono kwa mukono mupaka ikufikie. Kama unasikia haya juu bantu banasoma mambo yetu, ni wewe ulitaka.

Nimekasirika. Nianze na hiyo.

Unakumbuka mara ya mwisho ulikuyaka hapa na likizo? Nilikuwa mu kiwanja namenya kandolo, bile biazi bitamu unapenda kuliko nyama. Ndeke ine za jeshi zikapita juu ya nyumba, zimekaribiana sana, sawa batoto benye kushikana mikono. Kuku zikakimbia. Nikakuuliza, wewe mwenye ulikuwa unasoma kuendesha bile bintu, nani anazikataza kugongana.

Ukachukua kandolo ine, ukazipanga juu ya kifuniko ya nyungu. Moja mbele, tatu nyuma. Ukanieleza polepole, bila kunizarau, juu mi sikuingiaka mu masomo hata siku moja. Ulisema kila ndeke iko na mashini yenye inajibu radari za bantu ba chini: niko hapa, niko juu namna hii, mi ni fulani. Transponda. Lakini ndeke zikiruka kwa kundi, shefu peke yake njo anaacha yake iseme. Bengine bananyamazisha zao. Zikisema zote pamoja, na zimekaribiana vile, radari ya chini inachanganyikiwa. Na ile mashini yenye inalia kama ndeke ingine iko karibu, italia bila kupumuzika, mupaka hakuna mwenye ataisikiliza tena. Basi bantu ba chini banaona alama moja tu, banahesabia kundi lote kama ndeke moja.

Nikasema: "Na ule wa nyuma, akianguka, nani atajua?"

Ukasema wa nyuma analindwa na macho yake. Haangalie chini, haangalie mbingu, anaangalia shefu tu. Kama wingu imeingia katikati na hamuone tena, asifanye ujanja. Anageuka upande wenye balipatana mbele ya kuruka, anasema mu radio kama amemupoteza, na anawasha yake, bantu ba chini bamuone yeye mwenyewe.

"Kambo, kusema umepoteza shefu haiko haya," ulisema. "Mwenye kunyamaza njo anaua benzake."

Kisha ukachukua ile kandolo ya mbele, shefu mwenyewe, mbichi vile, ukaikula. Nilikupiga na kitambaa. Nilicheka mupaka kisu ikaniponyoka.

Sasa sikiliza. Kila siku ya Mungu yaya yako Ngoy, mwenye alikutangulia kuzaliwa, anapiga telefone kutoka Lubumbashi. Nauliza habari yako. Anasema: "Kambo, tuko bazuri bote." Nauliza bote ni banani. Anasema bote tu, Kambo. Nauliza Ilunga anakula nini kule, anasema rezo ni mbaya, sauti inakatika. Hiyo rezo inakuwaka mbaya ku jina yako tu. Nikimuuliza habari ya bibi yake, ule alioa, inapona.

Nilivumilia. Nilisema ni kundi, Ngoy ni shefu, anasema kwa bote, mudogo ananyamaza juu ya kazi. Halafu nikaenda ku soko ya Manika na taksi-moto kununua makayabu, samaki ya chumvi. Mama Kyungu, mwenye mutoto yake alienda nawe ku masomo ya ndeke, aliacha bateja yake akanishika mukono. Akauliza kama umeshapata kazi ingine. Nikauliza kazi ingine ya nini. Njo akaona kama sijue, akaanza kupanga samaki zake zenye zilikuwa zimeshapangwa.

Nikamubana mupaka akasema yote: benzako bote balirudi, Ilunga. Mutoto yake analala kwake, ananenepa. Wewe balikutoa mu ndeke juu ya jicho moja yenye imeanza kufifia, na ulitoka kule peke yako, hakuna mwenye anajua ulishika njia gani. Nilirudi na miguu. Makayabu niliiacha palepale ku meza.

Jicho, mutoto. Hukuiba, hukuua muntu. Mi mwenyewe sione sindano tangu zamani, na nani amenifukuza hapa?

Hata hii mine, mugodi ya hapa, yenye haituhurumie, yenye inapasula kuta za nyumba yangu, inapiga sirene mbele ya kupasua mawe. Wewe hukupiga hata sirene. Ulitoka mu kundi ukaacha yako imenyamaza, na ukamubebesha yaya yako uongo wa kila siku ya Mungu, yeye mwenye hajue kudanganya. Sheria ulinifundisha juu ya kifuniko yangu mwenyewe, na wewe wa kwanza kuivunja.

Unafikiri nilikuwa napenda piloti? Nilikubebaka mu mugongo, nakuita bwana yangu kwa mucheko, mbele hujajua ndeke ni kintu gani. Sirene ya mine ikilia ulikuwa unaingiza kichwa chini ya kikwembe yangu. Unauliza: "Kambo?" Nasema: "Niko hapa." Unauliza tena, najibu tena, mupaka mawe yamalize kuanguka. Sikuchokaka kujibu.

Leo mi njo nauliza, na hakuna mwenye anajibu.

Sikuombe urudi. Sikuombe hata jina ya mugini wenye uko. Telefone yangu naichajisha ku pano ya jua ya jirani, sijaizima. Usipitie kwa Ngoy. Nimemuambia aache kusema pa nafasi yako, na alilia, mwanaume muzima vile. Piga wewe mwenyewe. Sema "niko hapa", basi. Kisha unyamaze kama unataka, kutukana nitatukana peke yangu.

Ni mi, kambo yako,
bibi yako ya kwanza