Kichaka cha Nyanyako Hakitaki Kusumbuliwa

Jebet wangu,

Huku Kimumu tuko sawa. Mtoto ameota meno mawili na hanipi usingizi, kwa hivyo ukiona mwandiko umepinda, usicheke shangazi yako.

Unasema kile kichaka cha urembo nilichokukatia nyumbani kwa marehemu nyanyako kinageuka njano huko chuoni, na unaona kama unampoteza tena. Changu pia kilitaka kufa nilipoolewa. Nilikipanda kwa mkebe wa rangi, nikakianika juani, na kila asubuhi nikakimwagia maji ya kusuuza vyombo. Majani yakidondoka, naongeza maji. Nyanyako alipokuja kunitembelea, aliinua ule mkebe, maji yakacheza ndani.

"Wewe, umepanda maua ama unafuga bata?"

Akautoboa chini kwa msumari, akausogeza kando ya mlango, mahali jua la asubuhi tu linafika.

"Sasa kiache. Kaa chini tunywe chai."

Nilikaa. Wiki hiyo yote sikuwa nimekaa.

Toboa mkebe wako hivyo hivyo. Gusa udongo kwanza. Ukiwa na unyevu, usimwage maji. Najua utataka kukichungulia kila saa. Nenda darasani.

Shangazi yako anayekupenda