Tiki Isiyotamkwa

Dada Mwanaidi,

Mumeo Juma anakusalimu. Tangu tukuzike anaendesha duka la Mombasa peke yake, na ndugu zake wanamshinikiza aliache. Wanasema mtu asiyeona kama yeye hawezi kuagiza nguo kutoka China. Maana wewe ndiye uliyekuwa ukimpigia simu kutoka hapa China, ofisini kwetu jengo la Tianxiu, ukimsomea ukurasa wetu wa mtandaoni wa kuuzia magauni. Sasa amewekewa kompyuta inayosoma kwa sauti, Kiingereza cha puani.

Siku ya kwanza akanipigia. "Shemeji, hii mashine yanisomea star, star, star, halafu ikifika kwenye gauni yanyamaza. Lipo ama ni mei you?" Neno hilo ulimfundisha wewe, la wauzaji wa soko la Shisanhang wakikwambia hamna.

Nikashikwa na udadisi. Unajua ninavyopenda kuuremba ukurasa, nyota huku, mishale kule. Gauni lililopo naliwekea tiki, lililoisha naliwekea eksi. Sasa kwa nini nyota isomwe na tiki irukwe? Nikaweka programu ileile ya kusoma hapa, nikazima skrini, nikasikiliza. Kweli, kimya. Mwanafunzi mmoja wa kompyuta, Mkenya mwenzetu tunayekula naye mtaani Xiaobei, akanieleza kuwa programu ina majina ya alama inazozijua, na isiyoijua inaipita tu. Juma akaiamuru isome kila alama. Ikamsomea koma na mabano yote mpaka akachoka, na tiki bado haikuitaja. Nilicheka, dada. Kisha nikalia.

Nyota nimezifuta. Penye tiki nimeandika "lipo", penye eksi "limeisha". Ile sauti inayatamka maneno hayo vibaya, lakini Juma anaelewa.

Jana ameagiza mzigo mzima mwenyewe, ndugu zake wamekaa pale wanasikiliza. Walipoondoka akanipigia, akaniuliza, "Shemeji, mbona siku hizi ukurasa hausemi kitambaa ni laini? Hausemi gauni lipi litapendeza siku ya Idi?"

Nikamwambia ukurasa wetu haujawahi kusema hayo. Ulikuwa na alama na bei tu.

Akasema, "Kumbe yale yote alikuwa akiniambia yeye."

Nimekukumbuka mno, dada. Lala salama. Kuanzia sasa kila gauni nitalishika kwanza kwa mkono wangu, kisha nimwandikie Juma lilivyo.

Mdogo wako,
Saumu