Moto wa Jikoni kwa Kasiani

Vingunguti, Dar es Salaam
Agosti 1975

Wifi yangu Eufrazia,

Shikamoo. Habari za Masasi, na ule mguu wako je, umepoa? Sie huku tunapumua, ila usingizi umetukimbia. Barua yako nimeipata. Unasema unakuja kuanua tanga la mdogo wako, Kasiani wangu, na kuniwashia moto mpya kama mila ya kwetu inavyotaka. Nakuomba usome hii kabla hujapanda basi.

Wifi, moto wa zamani bado unawaka. Najua utasema Rosalia kachanganyikiwa. Msiba ulipoingia wazee walizima mafiga yote, wakalisahau jiko la gesi. Ndilo lile la majaribio tulilofungiwa na shirika alilofanyia kazi Kasiani na kampuni ya Wazungu walioshirikiana nalo. Gesi inatokana na mavi na damu ya ng'ombe wa machinjioni, vinaozeshwa ndani ya tangi kubwa, kisha inapita bombani mpaka kwetu. Kasiani alijivunia mradi ule kuliko hata mie mkewe! Walipolikumbuka jiko, nilisimama mlangoni nikawakatalia.

Tangu hapo naliacha liwake kidogo kidogo. Nikikaa karibu namsikia anakohoa, kile kikohozi chake cha sigara unachokijua. Jirani yangu Demetria naye alifungiwa jiko kama langu. Kahamia kwa dada yake Temeke, anapikia mkaa. Anasema jiko lake lilimwita jina.

Tuliambiwa Kasiani alianguka ndani ya tangi lile la gesi akirekebisha koki, wakamtoa, wakapigilia jeneza kwa kuwa mwili hautazamiki. Juzi Albano, aliyekuwa naye kazini, kaja kanipigia magoti analia. Anasema hawakumtoa. Kulimwaga tangi kungekuwa kuanza kazi upya, na wageni wa uzinduzi walikuwa njiani. Wakubwa wa pande zote mbili walikaa, wakakubaliana, wakafunga mfuniko. Jeneza walitia mchanga.

Basi tulizika mchanga, wifi. Mdogo wako yumo mle tangini, na ndiye anayenichemshia chai. Naogopa, tena naogopa sana, lakini kulizima siwezi. Nitakuwa nimemzika peke yangu.

Njoo, ila makaburini tusiende. Fikia jikoni. Wewe ndiye dada yake, ukisema tuzime tutazima, lakini mkono uwe wako.

Watoto wanakuamkia. Mama mkwe msalimie mno, na akikuuliza, mwambie mwanawe alizikwa vizuri.

Ni mie wifi yako,
Rosalia